Ntoto: "Sheria inasema", lakini ni sheria gani? Namna ya kutafuta sheria na kuitumia katika mizozo ya udongo

Mama mmoja anarudi Ntoto baada ya miaka sita ya kuhama. Kwenye shamba ambalo baba mkwe wake alilima tangu zamani, anakuta mihogo ya mtu mwingine. Mtu huyo si mwizi wa usiku. Anatoa karatasi ya daftari yenye sahihi ya mashahidi watatu na kusema: "Mama, mimi nilinunua." Mama anamuuliza: "Baba, ulinunua kwa nani?" Majirani wanakusanyika. Kila mmoja anasema "sheria inasema", na hakuna hata mmoja anayeweza kueleza ni sheria gani, ya mwaka gani, artikeli namba ngapi.

Mama huyu ni mfano tu, lakini kule Masisi na Walikale zinakogusana watu wanaijua hadithi yake bila kuelezwa. Mizozo ya udongo ni ya zamani huko, na ilikwisha kuua. Mwezi wa tatu mwaka 1993, mauaji yalianzia kwenye soko la Ntoto, kisha yakaenea Walikale na Masisi. Maelfu ya watu walikufa, wengi zaidi wakahama. Nyuma ya silaha kulikuwa na maswali matatu: nani ni Mkongomani, udongo ni wa nani, na nani ana mamlaka ya kimila juu ya udongo huo. Yote matatu ni maswali ya sheria. Maandishi juu yake yalikuwepo, ila yalibadilishwa mara kwa mara, hayakufika vijijini, na kila upande ulijua kipande kile tu kilichoupendeza.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwenye artikeli ya 62 kwamba hakuna mtu anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Maneno hayo maafisa wanayapenda sana, na wakaaji wameyasikia mara mingi. Kinachosahauliwa ni artikeli ya 142 ya Katiba hiyo hiyo. Inasema sheria inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kutangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali, ile Journal officiel, isipokuwa sheria yenyewe ipange vingine. Tena inalazimisha serikali kuieneza kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu raisi alipoitia sahihi. Kiswahili ni moja ya lugha hizo. Kwa hiyo mkaaji wa Ntoto anayelalamika kwamba hajawahi kuona sheria ya udongo kwa Kiswahili haombi zawadi.

Ila shamba halitangoji serikali itafsiri. Na kazi ya kutafuta sheria si uchawi wa mavoka. Mwanafunzi wa sheria kule Goma ao Bukavu hafundishwi kukariri sheria zote. Hakuna avoka anayezijua zote. Anafundishwa kupanga matukio, kuyageuza kuwa swali, kutafuta maandishi yanayojibu swali hilo, kisha kuyalinganisha na matukio. Anayejua kusoma Kifaransa kidogo, ao mwenye mtoto anayesoma segondari, anaweza kuanza.

Mfano mwepesi unasaidia kabla ya ule mzito. Masisi ni nchi ya ng'ombe. Ng'ombe wanne wanaingia usiku ndani ya shamba la maharagwe na kulimaliza. Kitabu cha tatu cha sheria za madeni na mapatano, Code civil livre III, kilitoka kwa dekre ya tarehe 30 Julai 1888, wakati wa Leopold wa Pili, na kingali kinatumika. Artikeli yake ya 261 inasema mwenye mnyama, ao yule anayemtumia, anajibu juu ya hasara ambayo mnyama ameleta, hata kama mnyama alikuwa amepotea ao ametoroka. Hiyo ndiyo kanuni. Matukio ni haya: ng'ombe hawa ni wa fulani, na walikula maharagwe haya. Kanuni ikikutana na matukio, hitimisho linatoka lenyewe: fulani alipe.

Wanasheria wanaita mpango huo silojisimu. Kanuni inakuwa juu, matukio chini yake, na hitimisho mwishoni. Inaonekana rahisi, lakini hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanaanza na hitimisho. "Alipe!" wanapiga kelele, kisha wanatafuta sheria ya kulifunika. Mwenye ng'ombe naye hatalala. Hatashambulia kanuni, maana artikeli ya 261 iko wazi na haimpi njia ya kusema "walitoroka". Atashambulia matukio: ng'ombe si wangu, ao shamba lilikuwa limekwisha kuvunwa. Na artikeli ya 197 ya kitabu hicho inaweka mzigo wa kuthibitisha juu ya yule anayedai. Ndiyo maana asubuhi ile ile, kabla ya kwenda kwa shefu, mwenye shamba anapaswa kuita majirani waone nyayo, kupiga picha kwa simu, na kuomba agronome aje apime hasara. Kesi nyingi za vijijini zinapotea hapo: sheria iko, ila ushahidi ulioshwa na mvua.

Sasa kurudi kwa yule mama.

Swali ambalo kila mtu anauliza Ntoto ni: "Nani alifika wa kwanza?" Ni swali la historia, na katika eneo hili ni swali la hatari. Mwanasheria anauliza vingine: huyu anadai haki ya aina gani, na haki ya aina hiyo inathibitishwa na nini?

Maandishi ya kuanzia ni sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyobadilishwa na kukamilishwa na sheria namba 80-008 ya tarehe 18 Julai 1980. Artikeli ya 53 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauwezi kuuzishwa wala kupotea kwa kupita kwa miaka. Watu wenye pesa wanapenda kusimama hapo: "Mama, udongo ni wa Serikali, wewe hauna kitu." Lakini kusoma artikeli moja na kufunga kitabu ni kosa la kwanza la anayeanza. Anapaswa kugeuza kurasa. Artikeli ya 387 inasema udongo unaokaliwa na jamii za wenyeji umekuwa wa Serikali. Artikeli ya 388 inaeleza ni udongo gani huo: ule ambao jamii hizo zinakaa, zinalima ao zinatumia kwa namna yoyote, kila mtu peke yake ao kwa pamoja, kufatana na desturi za mahali. Na artikeli ya 389 inasema haki za kuufaidi, zilizopatikana kwa njia nzuri, zitapangwa na ordonansi ya Raisi wa Jamhuri.

Basi haki za mama zipo ndani ya sheria yenyewe. Haki ya umiliki ni ya Serikali, ila haki ya kufaidi inatambuliwa. Na ile ordonansi? Haikutoka. Zaidi ya miaka 50 imepita. Kwa kulinganisha, Kode ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 nayo iliahidi, kwenye artikeli ya 22, kwamba jamii zitaweza kupewa msitu wao wa kimila. Ilichukua miaka 12, lakini dekre namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 ilikuja, na leo jamii inaweza kuomba hadi hektari 50.000. Wakaaji wa Walikale wanajua jambo hilo kuliko wengi. Ahadi ya msitu ilipata karatasi yake, ahadi ya shamba ingali inangoja.

Sheria ikinyamaza namna hiyo, fikra ya sheria inaanza kazi kweli. Mmoja anaweza kusema: hakuna ordonansi, kwa hiyo hakuna haki. Mwingine anajibu: artikeli ya 389 haikufuta haki hizo, ilisema tu zitapangwa, mpaka zipangwe, zinaendelea kuongozwa na desturi kama zamani. Fikra hii ya pili ndiyo yenye nguvu, na kuna maandishi mengine yanayoikaza. Artikeli ya 34 ya Katiba inalinda mali ya mtu mmoja ao ya jamii iliyopatikana kufatana na sheria ao desturi. Na sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya mpango wa tribinali inaipa tribunal de paix, ile watu wanaita tripaix, kazi ya kukata mizozo ya udongo inayoongozwa na desturi. Kama haki za desturi zingekuwa zimekufa, Bunge lingempa jaji kazi ya kuzihukumu kwa nini? Swali kama hilo, la kulinganisha maandishi mawili na kuona kama yanaweza kuishi pamoja, lina uzito mbele ya jaji kuliko kelele.

Inabaki karatasi ya yule aliyenunua. Artikeli ya 219 ya sheria ya udongo inasema haki ya kufaidi udongo uliotolewa na Serikali inathibitishwa tu na certificat d'enregistrement. Karatasi ya daftari si certificat, hata ikiwa na mihuri mitano ya lokalite. Ni alama ya mapatano kati ya watu wawili, na mtu hawezi kutoa haki ambayo yeye mwenyewe hana. Artikeli ya 276 ya Code civil livre III inasema kuuzisha kitu cha mwingine ni bure, haina nguvu. Mnunuzi ambaye hakujua anaweza kudai malipo ya hasara kwa yule aliyemuuzishia. Hapo mzozo unabadilika sura. Mnunuzi si lazima awe adui wa mama. Wote wawili wanaweza kuwa wametendewa vibaya na mtu wa tatu, na huyo wa tatu ndiye anayepaswa kuitwa mbele ya shefu.

Na kama mnunuzi angetoa certificat ya kweli? Basi maswali ni mengine kabisa. Ilitolewa tarehe gani? Artikeli ya 227 inazikinga haki zilizoandikwa ndani yake miaka miwili ikipita tangu certificat itolewe, na baada ya hapo kinachobaki kwa kawaida ni kudai malipo, si shamba. Miaka miwili ni michache sana kwa mtu aliyekuwa kwenye kambi ya wahami. Tena, je, uchunguzi wa kabla ulifanywa? Kuanzia artikeli ya 193, sheria inataka udongo wa vijijini uchunguzwe kabla ya kutolewa: mipaka ithibitishwe mahali penyewe, watu waliopo waandikwe, vilivyopo vielezwe, na wenye malalamiko wasikilizwe. Afisa aliyejaza fomu bila kutoka ofisini ameacha shimo ambalo avoka mzuri ataliona.

Kuna jambo moja tena, na mara mingi linasemwa na wazee kwa sauti ya chini: "Mwanamke harizi udongo." Desturi inasema hivyo mahali pengi. Lakini artikeli ya 153 ya Katiba inapanga ngazi: tribinali zinatumia mikataba ya kimataifa iliyokubaliwa, sheria, maagizo ya viongozi yasiyopingana na sheria, na desturi, mradi desturi hiyo isipingane na utaratibu wa umma ao tabia njema. Desturi iko ndani ya nyumba, ila iko ngazi ya chini. Kode ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaweka watoto wa marehemu kuwa warizi wa ngazi ya kwanza, msichana na mvulana sawa, na mjane katika ngazi ya pili. Kwa hiyo, kama shamba lilikuwa limemfikia bwana wa mama kabla hajafa, mama asiseme tu "shamba langu". Neno lenye nguvu zaidi ni "shamba la watoto wa marehemu", na yeye anasimama kwa ajili yao ikiwa wangali wadogo. Tukio ni lile lile, shamba ni lile lile. Kilichobadilika ni nani anayedai na kwa jina la nani. Kesi imepata miguu.

Maandishi haya yanapatikana wapi? Gazeti Rasmi ndilo chimbuko, lakini Ntoto halifiki. Kwa mwenye simu na mtandao, leganet.cd imekusanya sheria nyingi za Kongo, na mtu anaweza kuzisoma bila kulipa. Kwenye tripaix, karani wa mahakama, greffier, anaweza kuonyesha kode. Kuna pia mavoka, tume za Haki na Amani za kanisa katoliki, na wapatanishi wa mizozo ya udongo. Mtu asiende kuwauliza "haki yangu ni gani?" tu. Aombe namba ya sheria, tarehe na artikeli, aandike. Anayesema "sheria inasema" na hawezi kutoa namba, basi bado ni maoni yake.

Akipata artikeli, asiisome kama tangazo la ukutani. Aangalie ile inayotangulia na ile inayofuata. Aangalie maneno madogo ya Kifaransa: "toutefois" na "sauf" yanafungua mlango wa pembeni, "peut" inamwachia kiongozi nafasi ya kuchagua, "doit" haimwachii. Maneno hayo manne yamegeuza kesi nyingi kuliko hotuba.

Aangalie sana tarehe. Ntoto inajua uchungu wa tarehe. Sheria ya 5 Januari 1972, kwenye artikeli ya 15, ilitoa uraia kwa watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya 29 Juni 1981 ikaifuta. Sheria ya 12 Novemba 2004, na Katiba baada yake, zikaweka kipimo kingine: makabila ambayo watu wake na udongo wake vilikuwa sehemu ya nchi iliyokuwa Kongo siku ya uhuru. Mtu mmoja, bila kutoka kijijini kwake, angeweza kupata majibu tofauti kufatana na mwaka anaouliza. Aliyeshika gazeti la 1972 na aliyeshika la 1981 wote walikuwa na karatasi ya kweli mkononi. Kwa udongo ni vile vile. Mageuzi ya sheria ya 1973 yamezungumzwa kwa miaka mingi, kwa hiyo yeyote anayetaka kutegemea artikeli fulani aulize kwanza: je, ingali inatumika leo, na ilikuwa inatumika siku ile jambo lilipotokea? Ni maswali mawili, si moja.

Wengine wanaona njia hii ni ndefu, wanapeleka mzozo wa shamba kwa polisi ili mpinzani afungwe. Ni kuchanganya mambo. Mzozo wa nani ana haki ya kulima ni kesi ya kiraia, na kashi haitoi jibu lake. Aliyekamatwa naye ana artikeli ya 18 ya Katiba: aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, na garde à vue isipite saa 48.

Vita imeongeza ugumu. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Walikale-centre iliingiwa mwezi wa tatu mwaka huo huo. Mtu anayekimbia habebi kabati la karatasi. Picha ya karatasi iliyopigwa na kutumwa kwenye simu ya ndugu aliye mbali haichukui nafasi ya karatasi yenyewe mbele ya jaji, ila inasaidia kujua nini kilikuwepo, nani alitia sahihi, na tarehe gani. Majina ya majirani wa mipaka minne nayo yaandikwe wazee wangali hai.

Mama akifika tripaix, jaji hatakaa peke yake ikiwa desturi ndiyo itatumika: sheria ya 2013 inataka waketi watatu, na wawili kati yao wawe wazee wenye heshima kutoka nje ya kazi ya mahakama. Hukumu itaandikwa na itatoa sababu zake, kama artikeli ya 21 ya Katiba inavyotaka. Akishindwa, asisome mstari wa mwisho tu. Asome sababu, atafute ni wapi jaji alisimama, kwenye kanuni ao kwenye matukio, maana hapo ndipo rufaa inaposhikwa. Katika kesi ya kiraia rufaa ina siku 30. Kwa kawaida zinaanza kuhesabiwa siku hukumu inapomfikia rasmi kwa karatasi ya mahakama, hata kama jirani alikuwa amekwisha kumwambia habari sokoni wiki mbili mbele.